Sega Lisilotiwa Maji

Albano alikuwa akitoka nyumbani Boko kabla jua halijapanda. Alitembea kwa miguu mpaka barabara ya Bagamoyo, akasubiri lori la kiwanda, akaenda Wazo kwenye kazi yake ya saruji. Mkewe, Filomena, alibaki. Alifagia uwanja, akachota maji, akawasha moto. Mtoto mdogo, Leodegar, wa miezi mitano, alikuwa mgongoni muda wote. Aliponyamaza alikuwa amelala, na alipolia alikuwa anataka ziwa. Huyo hakumpa mtu taabu.

Taabu ilikuwa kwa dada yake, Sesilia. Sesilia alikuwa hajatimiza miaka mitano, na alikuwa ametoka kuugua surua. Surua yenyewe iliisha. Homa ilishuka, vipele vikakauka. Lakini kinywa kilibaki kinamuuma, na hamu ya kula haikurudi. Alikonda mpaka magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja. Akipewa uji aliutazama tu. Akilazimishwa alifumba mdomo, akageuzia uso ukutani.

Zamani uji ule ulitiwa sukari. Mwaka ule sukari ilikuwa ya mgawo. Balozi wa nyumba kumi akitangaza kwamba imefika, watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na wa nyuma walirudi na vikapu vitupu. Filomena alikuwa na mtoto mgongoni na mgonjwa ndani. Mara nyingi alikuwa wa nyuma.

Kwenye zahanati, Nesi Jovina alimpima Sesilia uzito, akaona umeshuka. Mwezi uliofuata ukawa umeshuka tena. Nesi hakuwa mtu wa kutisha wagonjwa. Alisema tu kwamba siku ya kliniki inayokuja, kama mtoto hajapanda hata kidogo, ataandika barua waende hospitali kubwa mjini, walazwe.

Filomena aliitikia, "Ndiyo, nesi," akamfunga mtoto mgongoni, akarudi nyumbani. Mwaka uliopita mtoto wa nyumba ya nyuma alipelekwa huko akiwa amekwisha kuchelewa, na hakurudi. Filomena hakulitaja jambo hilo kwa mumewe. Albano naye alikuwa analikumbuka, naye hakulitaja.

Jirani yao wa upande wa barabarani alikuwa mama mtu mzima, Bi Mauwa, mtu wa Liwale. Mume wake, Mzee Mwishehe, alikuwa na mizinga ya magogo ambayo aliitundika porini, njia ya kwenda Bunju. Alikuwa akirina asali jioni, na asubuhi Bi Mauwa anapanga masega ya kuuza kwenye sinia. Siku moja alimwona Sesilia amekaa kizingitini, hachezi, hata kuku akipita hamfukuzi. Bi Mauwa akakata kipande cha sega, akakifunga kwenye jani la mgomba, akamletea Filomena.

Alisema ni la mtoto, achangamshe mdomo. Hakusema zaidi, kwa sababu wateja walikuwa wanamwita. Na hata bila wateja asingesema. Kwao Liwale hakuna anayefundishwa kula sega, kama mtu asivyofundishwa kula embe.

Filomena alikuwa mtu wa Mbinga, na mama yake alikuwa mpika pombe. Tangu utoto wake, sega likiingia nyumbani lilikuwa na kazi moja tu, kupikwa wanzuki, ile pombe ya asali. Hakuwahi kuona mtu amekaa na sega mkononi analitafuna. Kwa hiyo mikono yake ilifanya ile kazi iliyoizoea. Alipasha maji yakawa vuguvugu. Akachukua chungu alichokuja nacho kutoka kwao, chungu cha mama yake, akalivunja sega humo, akamimina maji, akakamua kwa vidole. Asali, nta na watoto wa nyuki, vyote vikachanganyika. Akachuja kwa kitambaa, akayarudisha yale maji chunguni, akafunika, akakiweka chungu karibu na jiko.

Hakutia chachu. Alijua pombe ni chachu, na yeye alikuwa anataka maji matamu ya mtoto tu. Kwa hiyo moyo wake ulikuwa umetulia.

Jioni ile Sesilia alikunywa kikombe kizima. Filomena alimwangalia mpaka akaramba ukingo. Kesho yake akampa tena, naye akanywa tena. Siku ya tatu maji yalikuwa na ukali kidogo kwenye ulimi. Filomena aliyaonja, akafikiri ni ukali wa asali ya porini. Adhuhuri akampa mtoto kikombe, na mtoto akaomba cha pili. Tumboni hakukuwa na kitu kingine.

Muda si mrefu Sesilia alianza kucheka peke yake. Filomena alifurahi kwanza. Kisha mtoto akainuka, miguu ikapishana, akakaa chini bila kutaka. Akajaribu tena, akakaa tena. Akalala palepale kwenye mchanga. Filomena akamwita, hakuitika. Akamtikisa, mtoto akatapika, akaendelea kulala.

Albano alikuwa amerudi kutoka zamu ya asubuhi. Alikuta mkewe amepiga magoti na mtoto amelegea mikononi. Alimbeba, akaenda naye mbiombio mpaka zahanati. Filomena alifuata nyuma na Leodegar.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa akina mama. Walisogea, wakampisha. Nesi Jovina alimfunua Sesilia kope, akamshika mkono, akasikiliza pumzi. Kisha akainamisha pua mdomoni kwa mtoto, akakaa hivyo kidogo. Alipoinuka alimtazama Albano.

"Baba, wewe unakunywa?"

"Nakunywa Jumapili, nesi. Nikishatoka misa."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi mwanao ameanza Jumatano."

Kwenye benchi mtu alikohoa ili asicheke. Mwingine hakuhangaika kukohoa. Mama mmoja alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, kwamba watu wa huko kwao wanaachishia watoto ziwa kwa pombe. Filomena alisikia. Alitazama chini, akakaza kitambaa cha mtoto kifuani.

Nesi alimlaza Sesilia kwa ubavu, ili akitapika asipaliwe, akakaa naye. Alasiri ilipokwenda sana mtoto alifumbua macho, akaomba maji. Nesi alimpa kidogo kidogo. Akawaambia wazazi kwamba pombe ni sumu kwa mtoto, na kwa mtoto aliyekonda hivi ingeweza kumuua. Alisema jambo hilo mara moja tu. Aliahidi kupita nyumbani kwao kumtazama.

Njiani Albano aliuliza nani amempa mtoto pombe. Filomena aliuliza nani katika nyumba ile hurudi akinuka pombe. Baada ya hapo hawakusemezana mpaka wakalala.

Asubuhi iliyofuata Bi Mauwa alikuja kutoa pole. Filomena alimwamkia, akamkaribisha kwenye kigoda. Bi Mauwa aliuliza habari za mtoto, kisha akauliza kama lile sega lilimfaa. Filomena alimwambia kwamba alilipenda sana, na maji yake mengine bado yapo. Akamwonyesha chungu.

Bi Mauwa alifunua. Juu ya maji kulikuwa na povu. Aliinamisha sikio.

"Chungu chako kinaongea," alisema.

Filomena naye aliinama. Ulisikika mvumo mdogo, kama mchanga unaomwagika polepole.

"Mwanangu, chungu hiki kilikuwa cha kazi gani?"

"Cha mama. Alikuwa anapikia wanzuki. Lakini mie sikutia chachu, Bi Mauwa. Haki ya Mungu sikutia."

"Ulikiosha kwa sabuni?"

Filomena alitikisa kichwa. Chungu cha pombe hakioshwi kwa sabuni. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake naye alifundishwa hivyo. Kinasuuzwa kwa maji, kinakaushwa kwa moshi, ili pombe ya mara nyingine iwahi kuiva.

"Chachu umeikuta humo humo, imejificha kwenye udongo," alisema Bi Mauwa. "Na hata kingekuwa kipya, ukishaitia asali maji umeshaipa ruhusa ya kuchacha. Itachelewa tu. Asali ya kwenye sega inakaa bila kuoza kwa sababu haina maji. Nyuki wamehangaika kuyatoa, wewe ukayarudisha."

Filomena alikiinua chungu, akamwaga kila kitu nyuma ya choo. Hakulia. Aliuliza tu kama kuna mtu mwingine Boko nzima amewahi kufanya vile. Bi Mauwa alifikiri, akasema hajamsikia.

Albano aliporudi Filomena alimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Albano alimsikiliza huku anakula. Alipomaliza alinawa mikono, akasema amefurahi kujua kwamba si yeye, lakini kuanzia siku ile asali haiingii ndani ya nyumba yake. Kule kiwandani habari ilikuwa imefika. Wenzake walikuwa wanamuuliza binti yake anakunywa zamu ya asubuhi au ya usiku.

Filomena hakubishana naye. Alikiosha chungu, akahifadhia humo mbegu za mahindi. Akarudi kwenye uji usio na sukari, na Sesilia akarudi kuutazama ukuta. Mara moja mtoto aliuliza, "Mama, yale maji matamu yako wapi?" Filomena alisema yamekwisha. Siku ya kliniki ilikuwa inakaribia.

Jumamosi Albano hakuwa na zamu. Alikuwa uwanjani anatengeneza mpini wa jembe. Bi Mauwa alifika na sinia lililofunikwa kawa, akapiga hodi, akasimama palepale penye ua.

"Shikamoo, mama," alisema Albano.

"Marahaba, baba. Nimesikia asali imepigwa marufuku ndani."

"Ndiyo, mama. Imetuaibisha."

"Basi mie siingii ndani. Niazime mkeka nikae hapa hapa nje."

Albano hakuweza kumfukuza mama mtu mzima. Alileta mkeka. Bi Mauwa alikaa, akanawa mikono kwa maji aliyoletewa na Filomena, akaikausha vizuri, akafunua sinia. Palikuwa na vipande vya masega na kisu kisafi. Alimwita Filomena asogee, akasema kosa la kwanza lilikuwa lake yeye, kwa kuleta sega bila maelezo. Akaanza kumwonyesha.

Alishika kipande cha kwanza. Juu yake palikuwa na utando mweupe wa nta, umefunika kila tundu. Alieleza kwamba hilo ndilo sega lililoiva. Nyuki haliwekei kifuniko mpaka asali imekauka maji na kuwa nzito. Akashika kipande cha pili, ambacho matundu yake yalikuwa wazi. Akakiinamisha, na asali ikachuruzika upesi. Hiyo bado ina maji, alisema, ukiiweka itachacha. Kipande cha tatu kilikuwa na vifuniko vya rangi ya udongo vilivyotuna.

"Humu hamna asali. Humu mna majana, watoto wa nyuki. Mzee wangu huliacha mzingani, nyuki wasihame. Hiki kimekatika kwa bahati mbaya. Katika lile la kwanza nililokupa yalikuwamo machache pembeni, nawe uliyakamua yote chunguni."

Filomena alikivuta karibu kipande kile cheupe, akakitazama kwa muda mrefu. Akauliza mtu atajuaje kama asali anayouziwa ni ya kweli, maana mjini wanasema watu wanachanganya na sukari guru.

"Ya chupa unaamini maneno ya muuzaji," alisema Bi Mauwa. "Ya kwenye sega lililofunikwa unajionea mwenyewe. Nani atakaa akaziba matundu yote haya kwa mkono?"

Alikata kipande kidogo, akakichunguza pande zote. Alisema lazima kuangalia kama kuna nyuki aliyenasa, kwa sababu hata akiwa amekufa mwiba wake unachoma. Hapakuwa na nyuki. Akamnyooshea Albano.

Albano alisema yeye asali anaijua kwenye kibuyu tu, nayo ikiwa imekwisha kuwa wanzuki. Bi Mauwa hakuurudisha mkono. Albano akakipokea, akakitia mdomoni, akatafuna. Alitafuna tena. Asali ilikuwa na harufu ya maua ya mikorosho. Kisha akakaza shingo, anataka kumeza.

"Tema nta," alisema Bi Mauwa. "Unameza ya nini, baba, unataka kuwaka kama mshumaa?"

Albano alitema. Donge la nta liliruka likagonga jembe, likaanguka mchangani. Kuku alilikimbilia, akalidonoa, likamnasa mdomoni. Akatikisa kichwa huku na huku, halitoki.

Pale kizingitini Sesilia alicheka. Wote watatu waligeuka. Mtoto aliinuka, akaja polepole mpaka kwenye mkeka.

"Na mie nataka kutema," alisema.

Filomena alimtazama mumewe. Albano alitazama mpini aliokuwa anauchonga.

"Tuko nje," alisema hatimaye.

Bi Mauwa alikata kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba. Alimkalisha Sesilia mbele yake, akamwambia atafune akiwa amekaa, asikimbie na sega mdomoni, asije akapaliwa. Sesilia alitafuna. Alifumba macho mara moja, kidonda cha mdomoni kilipoguswa, halafu akayafumbua. Akatafuna mpaka utamu ukaisha, akatema donge dogo jeupe, akalitazama. Akaomba kipande kingine, naye alikuwa hajaomba kitu cha kutafuna tangu surua imshike.

Nesi Jovina aliwakuta hapo. Alikuwa amekuja kama alivyoahidi. Aliamkiana nao, akaweka mkoba chini, akauliza ni kitu gani mtoto anatafuna. Filomena alisimama. Alieleza habari yote, ya chungu, ya maji na ya chachu, mbele ya mumewe na mbele ya jirani. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Nilikuwa nimemdhania baba."

"Hata mke wangu alinidhania," alisema Albano. "Lakini nesi, niulize. Nyie kila siku mnatuambia tuchemshe maji. Leo mtoto anakula asali mbichi, huoni neno?"

Nesi alikaa kwenye mkeka. Alisema ni swali la haki. Maji ya kisima yanabeba vijidudu vya kuhara, ndiyo maana yanachemshwa. Asali iliyoiva ni nzito na ina maji kidogo mno, kwa hiyo vijidudu vile havistawi humo. Ukiichemsha unaua harufu na ladha yake, nayo inakuwa nyeusi na chungu. Kinachotakiwa ni mikono misafi, kisu kisafi na chombo kikavu chenye kifuniko. Nta mtoto akiimeza kidogo kwa bahati mbaya haimdhuru, itatoka yenyewe. Lakini afundishwe kutema.

"Na itamponya?" aliuliza Filomena. Lile ndilo alilotaka kulijua tangu mwanzo.

"Haiponyi surua. Surua imekwisha. Asali itampa nguvu upesi, italainisha koo, itatuliza kikohozi kama anacho. Na faida kubwa kwa Sesilia ni kwamba itafanya chakula kipite. Lakini mwili haujengwi na asali, mama. Mwili unajengwa na karanga, maharage, dagaa, mayai, maziwa ukipata. Asali iwe njia ya kumpitishia hivyo. Kijiko kwenye uji kinatosha, na kipande cha sega mchana. Akimaliza asukutue kinywa, meno yasioze."

Filomena aliuliza asali atie wakati gani, uji ukiwa jikoni au ukiwa umeteremshwa. Bi Mauwa alimjibu kabla ya nesi. Alisema uji uuteremshe, uuache mpaka kidole kiweze kukaa humo bila kuungua, ndipo utie.

Leodegar alikuwa amekaa mapajani kwa mama yake. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye sinia. Sasa alinyoosha mkono. Bi Mauwa alicheka, akachovya ncha ya kidole kwenye asali, akakipeleka mdomoni kwa mtoto. Nesi Jovina alimshika kifundo cha mkono. Alimshika taratibu, lakini hakumwachia.

"Huyu hapana, mama."

"Kidogo tu. Mie wanangu wote niliwalambisha siku waliyozaliwa. Ndiyo mila yetu."

"Najua, mama. Na wengi hawapati kitu. Lakini asali inaweza kubeba mbegu ya ugonjwa isiyoonekana. Sisi na Sesilia matumbo yetu yanaishinda. Tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka bado haliwezi. Ikimshika, choo kinafunga, shingo inalegea, anashindwa kunyonya, mwisho anashindwa kupumua. Na mbegu hiyo hata ukichemsha asali jikoni haifi. Kwa hiyo asali ya sega, ya chupa, ya kwenye uji, yote hapana mpaka atimize mwaka."

Bi Mauwa alikitazama kidole chake. Alikuwa amelambisha watoto, na wajukuu, na watoto wa majirani. Huenda alikuwa anawahesabu. Kisha akakiingiza kidole mdomoni mwake mwenyewe.

"Basi fungu la mume wangu nimelila mie," alimwambia Leodegar.

Leodegar alilia. Filomena akampa ziwa, akanyamaza.

Kabla ya kuondoka Bi Mauwa aliinuka na sinia lake, akamtazama Albano. Albano aliendelea kuchonga mpini. Baadaye alisema kwamba sega likibaki nje litaliwa na sisimizi, afadhali liwekwe ndani. Hakuna aliyemkumbusha alichokisema mwanzo.

Tangu siku hiyo Filomena alifanya kazi kwa utaratibu mpya. Aliweka sega kwenye bakuli kavu lenye kifuniko, na bakuli akaliweka juu ya sahani yenye maji, sisimizi wasipande. Asubuhi alikaanga karanga, akazitwanga, akazipika pamoja na unga wa mtama. Aliuteremsha uji, akangoja, akajaribu kwa kidole, ndipo akatia kijiko cha asali. Siku ya kwanza Sesilia alikunywa nusu bakuli na kuliacha. Siku ya pili vilevile. Filomena hakumlazimisha. Mchana alimpa kipande cha sega baada ya kula wali na dagaa, si kabla, kwa sababu aliona akikipata kabla hali kitu kingine. Hilo hakuambiwa na mtu. Aliliona mwenyewe kwa kumwangalia mtoto.

Sesilia alikuwa akipanga madonge yake ya nta juu ya kinu. Watoto wa jirani walianza kuja kushindana naye nani atatema mbali. Albano akiwa nyumbani alishindana nao, na mara nyingi alishindwa. Vidonda vya mdomoni vilikauka. Siku moja Filomena alimwona binti yake anamfukuza kuku uwanja mzima, akasimama na mchi mkononi, akatazama mpaka kuku akapenya uani.

Asali haikutoka bure. Mzee Mwishehe alipokuwa na kazi ya kuyeyusha nta, Filomena alikwenda kumsaidia Bi Mauwa kuchota maji na kuchuja, na Bi Mauwa akawa anamkatia kipande cheupe. Bi Mauwa mwenyewe alibadili jambo moja. Mteja akija na mtoto mchanga mgongoni, alikuwa anamuuliza kwanza asali ni ya nani.

Siku ya kliniki ilifika. Filomena alimvalisha Sesilia gauni lake la kanisani. Albano alibadilishana zamu na mwenzake ili aende nao. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile. Walikaa. Albano alikuwa akiikunja kofia yake mikononi na kuikunjua.

Nesi Jovina alimtundika Sesilia kwenye mizani. Mshale uliyumba. Nesi aliusubiri utulie, akausoma, akasubiri tena, akausoma tena. Filomena hakuangalia mshale. Aliangalia uso wa nesi.

"Amepanda," alisema nesi.

"Amepanda?" aliuliza Albano.

"Si sana. Lakini amepanda. Mjini hamwendi. Endeleeni hivyo hivyo, mwezi ujao nimwone tena."

Filomena alimteremsha Sesilia kwenye mizani, akamvalisha viatu. Kamba za viatu zilimchukua muda. Albano alitoka nje, akasimama kwenye jua, amewapa watu mgongo.

Mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi alisogea. Alikuwa amempakata mtoto aliyefungwa kanga. Alisema amesikia habari za sega, na amemwona Sesilia alivyokuwa na alivyo sasa. Wa kwake naye hanenepi. Mume wake anaweza kupita kwa Mzee Mwishehe leo hii jioni. Aliomba aelezwe linapewaje.

"Ana umri gani?" aliuliza Filomena.

"Miezi saba."

Filomena alifunua kanga kidogo, akamtazama mtoto. Alikuwa mdogo, macho makubwa, ananyonya ngumi yake.

"Huyu bado," alisema. "Mnyonyeshe, na uji wa karanga mpe. Asali mpaka atimize mwaka."

"Hata kidogo? Kwa ncha ya kidole?"

"Hata kwa ncha ya kidole. Mwambie nesi hanenepi, atakusikiliza." Alimshika Sesilia mkono, wakaanza kutoka. Mlangoni aligeuka. "Lakini mumeo apite tu kwa Mzee Mwishehe. Sega kula wewe."